Kununua na Kutayarisha Transmita ya Droni

Wanafunzi wengi wameuliza kwa nini Chama chetu cha Sayansi kilitoa fedha za bustani ya mboga kununua kijisanduku chenye vijiti viwili, na hali droni tuliyo nayo ni moja tu, kuukuu, aliyotuachia mwanafunzi wa zamani, tena haijaruka bado. Yafaa niwaeleze, maana sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani mwezi wa Novemba na kwenda zetu, na chombo hiki kitabaki mikononi mwa wadogo zetu.

Transmita ni chombo cha kurushia mawimbi ya redio. Watu wa mjini huiita rimoti tu. Kazi yake si ngeni duniani. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio bila kuigusa. Droni nayo ina kipokezi, kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinachosikia mawimbi hayo na kuyapeleka kwenye ubongo wa droni, nao ubongo huziamuru mota.

Droni za bei rahisi huuzwa pamoja na rimoti yake katika boksi moja. Katika mkutano wetu wenzangu wengi walitaka hiyo, kwa kuwa ingeruka siku ile ile. Mimi nilipinga, na mpaka leo napinga. Rimoti ya namna hiyo aghalabu haizungumzi na droni nyingine. Droni ikivunjika, na droni ya mwanafunzi hapana budi itavunjika, rimoti yabaki kuwa mwanasesere. Lakini transmita inayouzwa peke yake hukumbuka droni nyingi, kila moja na mipango yake. Tena huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, ukajifunza kurusha droni ya picha iliyo ndani ya kompyuta. Hiyo ikianguka mara mia, hupotezi hata senti. Basi mwenye fedha kidogo na anunue transmita kwanza.

Tulichagua RadioMaster Pocket, ambayo huuzwa chini ya dola 100 za Marekani kabla ya nauli na ushuru. Tulilolitazama zaidi ni lugha yake ya redio, kwa sababu transmita na kipokezi visipotumia lugha moja havisikilizani kabisa. Tulitaka ExpressLRS, ambayo programu yake ni wazi kwa kila mtu kuisoma na kuitumia bila malipo, na vipokezi vyake hutengenezwa na viwanda vingi, hata hatufungwi na muuzaji mmoja. Angalia, transmita ya jina lile lile yaweza kuuzwa kwa lugha mbalimbali. Soma maandishi ya boksi kabla hujatoa fedha. Vijiti vyake hupimwa kwa sumaku, si kwa vipande vinavyosuguana, navyo vinavyosuguana huchakaa upesi penye vumbi kama letu. Kijiti cha kushoto huongeza nguvu za mota na kugeuza uso wa droni. Cha kulia huilaza upande na kuinamisha pua. Mpango huo huitwa Modi ya 2, na ndio wanaoutumia watu wengi.

Betri hazimo katika boksi. Hutumia mbili za namna ya 18650, maana yake upana milimita 18 na urefu milimita 65. Usichukue zilizotolewa katika kompyuta mbovu, hata ukipewa bure. Hujui zimeteswa kiasi gani, na betri ya namna hii ikiharibika huwaka moto.

Mtu mmoja aliniuliza mbona antena ya kipokezi ni fupi hivyo. Fanya hesabu tuliyofundishwa darasani. Mawimbi haya hutikisika mara 2,400,000,000 kwa sekunde, nayo huenda mita 300,000,000 kwa sekunde. Gawanya, utapata mita 0.125, yaani sentimita 12.5. Robo yake ni kama sentimita 3, na huo ndio urefu wa ule uzi ulio wazi mwishoni mwa antena nyingi za vipokezi. Ukiukata ili upendeze, umekiziba masikio. Kadhalika usiielekeze ncha ya antena ya transmita kwenye droni. Mtu akikushikia fimbo ubavu waiona yote. Akikuelekezea ncha waona nukta tu. Ndivyo droni iionavyo antena yako.

Sasa kuitayarisha. Transmita yenye antena ya kufunguliwa isiwashwe kamwe bila antena, maana nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani na kuunguza. Kisha vipe transmita na kipokezi maneno ya siri yaliyo sawa, herufi kwa herufi. Kwa maneno hayo vitajuana vyenyewe, na transmita ya mtu mwingine haitaiongoza droni yako. Programu zake nazo ziwe za toleo kubwa moja: la 3 halisikilizani na la 2. Baada ya hapo ng'oa mapanga yote ya droni, uiunganishe na kompyuta, ufungue programu ya Betaflight. Ukisukuma kijiti utaona namba ikitembea: karibu na 1000 chini, 1500 katikati, 2000 juu. Hakikisha kila kijiti kinatikisa namba inayokihusu, na kwa upande unaostahili. Swichi moja iwekwe kuwa ruhusa ya mota kuzunguka. Bila swichi hiyo, kijiti cha nguvu kisiweze kitu.

Lililo kubwa kuliko yote ni hili: droni ifanye nini isipokusikia tena? Uwanja wetu wapakana na shule ya msingi, na saa ya mapumziko watoto hujaa karibu na ua. Viko vipokezi ambavyo vikipoteza mawimbi hushikilia amri ya mwisho. Ikiwa amri ya mwisho ilikuwa kwenda mbele kwa nguvu, droni itakwenda mbele kwa nguvu mpaka betri iishe au ikute kitu, na mapanga yake hukata nyama. Betaflight isipobadilishwa huzima mota, droni ikaanguka. Wenzangu wengine walinung'unika kwamba ni hasara kuangusha chombo cha fedha nyingi, na kweli zenye GPS zaweza kupangwa zirudi zilikotoka. Yetu haina GPS. Ikianguka juu ya nyasi tupu tumepoteza shilingi. Ikijiendea yenyewe, hatujui itamkuta mtoto wa nani.

Basi jaribuni hivi, mapanga yakiwa yameng'olewa. Washeni mota kwa nguvu kidogo, kisha zimeni transmita. Itawaonya kwamba droni bado ina umeme, ikubalieni, izimike. Mota hazina budi kusimama baada ya muda mfupi. Iwasheni tena: mota zisizunguke zenyewe. Tulifanya hivyo mara kumi, Mwalimu wetu wa fizikia akitazama, na kila mara zilisimama. Mkibadilisha kipokezi au programu, rudieni yote upya, hata kama mna haraka.

Kabla ya kurusha nje, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania chahitajika. Barua ya chama iko kwa Mwalimu.

Kila mtakapoanza, transmita iwashwe kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini na swichi ya ruhusa imefungwa, ndipo betri ya droni iunganishwe. Wakati wa kumaliza, betri ya droni hutangulia kutolewa. Transmita imewekwa katika kabati la maabara na ufunguo anao Mwalimu wa fizikia. Maneno ya siri yameandikwa katika daftari la chama, ukurasa wa mwisho.