Wapagazi na Kilele cha Kibo

Sisi tunaosoma Isikizya hatuna mlima. Tuna miombo na majabali, na nchi yetu ya Tabora iko kama futi 4,000 juu ya bahari bila mtu kuona kwamba amepanda. Lakini kazi iliyomfikisha binadamu juu ya Kibo ni kazi ambayo Unyamwezi inaijua sana, nayo ni upagazi. Mababu zetu walibeba mizigo ya kama ratili 70 kila mtu mpaka Bagamoyo, safari ya karibu miezi mitatu. (Mimi nikibeba ndoo mbili tu kutoka bombani husimama njiani kupumua.)

Mwaka 1887 Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda Kibo, barafu ikamzuia. Mwaka 1888 alitekwa katika vita vya Abushiri. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria, alikuwa amefahamu jambo moja kubwa: mpandaji akiishiwa chakula hana budi kushuka. Basi aliacha kambi Marangu, akaweka nyingine juu kwenye futi 14,000 na zaidi, na wapagazi wakawa wakipandisha chakula mara kwa mara.

Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku wa manane. Walipofika kwenye barafu, Purtscheller alichonga vidato kwa shoka, na barafu ilikuwa ngumu hata kila kidato kilidai mapigo mengi. Hewa ya huko ni karibu nusu tu ya ile ya pwani, kwa hiyo kila baada ya hatua chache walisimama wakihema. Alasiri walifika ukingoni, na chini yao wakaona shimo kubwa la volkano! Hakuna aliyekuwa ameliona kabla yao na kuandika habari zake. Lakini kilele chenyewe kilikuwa mbali bado upande wa kushoto, na nguvu zimekwisha. Wakarudi.

Kwa maoni yangu kurudi huko ndiko kulikowapa ushindi. Tarehe 6 walivikuta vile vidato, wakapita upesi, na saa 4.30 asubuhi walisimama mahali pa juu kuliko pote katika Afrika, futi 19,340. Walipaita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge hapo, na sasa panaitwa Uhuru.

Katika masomo tunatajiwa wale wawili tu. Mimi naongeza wa tatu, Mwini Amani wa Pangani. Huyu, mtu wa pwani yenye joto, alikaa nao katika kambi ya juu, akapika na kulinda hema peke yake wakati wao wako kwenye barafu. Meyer mwenyewe alimwandika kitabuni mwake, kwa hiyo jina lake linajulikana. Majina ya wapagazi wetu wengi waliopita Tabora hayakuandikwa na mtu yeyote.