Maji ya Kusafisha Picha

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Arizona, kuna bonde kubwa ajabu. Jina lake ni Grand Canyon. Mto Colorado ndio uliolichimba, ukikata mwamba muda wa miaka mamilioni. Urefu wake ni km 446, na kwenda chini ni karibu metre 1,600. Nchi ile ni kavu. Mvua ikinyesha, maji huingia katika nyufa za mawe na kupotelea chini. Kwa hiyo chemchemi hazipatikani juu ukingoni. Zimo chini, ndani ya bonde.

Ndugu wawili, Ellsworth na Emery Kolb, walifika pale mwaka 1901 na 1902. Mwaka 1904 walianza kujenga nyumba ukingoni kabisa, penye mwanzo wa njia ya kushukia. Kazi yao ilikuwa kupiga picha. Hawakuogopa kitu: ili kupata picha nzuri, Emery alining'inia kwa kamba kati ya miamba miwili, na mkubwa wake akaishika kamba kwa juu.

Kila asubuhi wageni walipanda nyumbu, yaani watoto wa punda na farasi, washuke bondeni. Walipopita karibu na nyumba, walipigwa picha. Wakirudi, wamechoka na kujaa vumbi, walitaka kuiona na kuinunua.

Lakini picha ya siku zile haikuonekana mara moja. Ilijificha katika kioo kilichopakwa dawa. Ilipasa kukitia kioo katika dawa nyingine, gizani, halafu kukiosha kwa maji safi na mengi. Dawa ikibaki, picha huingia madoa na kufifia. Na maji ya ukingoni yaliletwa kwa treni toka mbali! Nani atayamwaga kwa kuosha vioo?

Wafanye nini basi? Chini, mwendo wa km 7, palikuwa na chemchemi njema. Wahavasupai walilima pale tangu zamani, na tangu mwaka 2022 pahali pale panaitwa Havasupai Gardens kwa jina lao. Ndugu wale walijenga kibanda cha giza karibu na maji. Emery alichukua vioo, akateremka mbio. Kushuka metre 900 si neno. Alisafisha picha, akazifunga vema. Sasa ilibaki kupanda. Jua huchoma mawe yale, na kivuli ni haba. Akianguka, kazi ya siku imepotea. Akikawia, wageni watafika juu mbele yake, nao wataondoka na fedha zao. Basi alipanda mbio vilevile.

Mwaka 1932 mabomba yalipandisha maji ya chemchemi ile mpaka ukingoni. Emery alikuwa amepita miaka 50. Alikaa katika nyumba ile hata alipokufa, mwaka 1976. Nyumba ipo hata leo.

Maulizo

1. Maji ya mvua hupotelea wapi?
2. Kioo kisipooshwa vema, picha inakuwa namna gani?
3. Kwa nini Emery alipanda mbio?