Kujua Lugha Siyo Kujua Kuifundisha

Leo tutajifunza juu ya kijana wa chuo anayesomea lugha, ambaye anajiandaa kwenda nchi za nje kusoma na kufundisha.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya wasomi wa mjini. Mimi mkulima yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Vijana wengi walioko vyuoni wametoka vijijini. Siku moja mmoja wao atarudi nyumbani na karatasi mkononi. Ataomba ushauri, au cheti, au fedha. Mzazi anayelielewa jambo hili atamsaidia. Asiyelielewa anaweza kumzuia bure. Au anaweza kuuza ng'ombe wake na kumpa tapeli fedha zote.

KISWAHILI KINAFUNDISHWA WAPI?

Lugha hii tunayoisema sokoni na kisimani inafundishwa mbali sana. Inafundishwa katika vyuo vikuu vya London huko Uingereza, Leipzig na Bayreuth huko Ujerumani, Napoli huko Italia, Osaka huko Japani na Beijing huko China. Marekani nako vyuo vikuu vinavyoifundisha ni vingi.

Heshima yake inakua. Mwaka 2019 nchi za SADC zilikubali Kiswahili kiwe moja ya lugha zao rasmi. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliamua kuwa tarehe 7 Julai ya kila mwaka iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika nao ulikikubali kiwe lugha yake ya kazi.

Lugha inayofundishwa inahitaji walimu. Ndipo vijana wetu wanapoingia.

KUSOMA HUKU UNAFUNDISHA

Njia za kwenda nje ni nyingi. Tuchukue moja iwe mfano wetu. Ni mpango wa Marekani unaoitwa Fulbright. Ulianzishwa mwaka 1946, na jina lake ni la J. William Fulbright, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Seneti la nchi ile. Ndani ya mpango huo kuna sehemu ya walimu wasaidizi wa lugha. Vijana wa Tanzania na Kenya wamewahi kwenda kwa njia hiyo.

Mwalimu msaidizi hukaa huko mwaka mmoja wa masomo, yaani kama miezi 9. Hufundisha Kiswahili chuoni, na kazi hiyo haitakiwi kuzidi saa 20 kwa wiki. Wakati huo huo yeye mwenyewe ni mwanafunzi. Kila muhula husoma masomo yasiyopungua mawili, na moja lazima lihusu nchi ya Marekani. Asubuhi anashika chaki, mchana anakaa kwenye dawati.

Zingatieni jambo hili: mpango huu hautoi digrii. Anayeomba lazima awe amekwisha pata digrii ya kwanza kabla ya kusafiri. Na mwaka ukiisha, kijana anatakiwa kurudi kwao. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Mwanao akienda kwa mpango huu amekwisha hamia Marekani," huyo anakudanganya.

"SI UNAJUA KUONGEA?"

Sasa sikilizeni mazungumzo ya mzee mmoja na binti yake anayesoma chuo kikuu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanakwendaje?"

"Vizuri, baba. Mwalimu wetu anasema nikimaliza naweza kuomba nafasi ya kwenda nje kufundisha Kiswahili. Lakini lazima nianze kujiandaa mapema."

"Kujiandaa nini tena? Kiswahili si unakijua tangu tumboni? Kuongea si unajua?"

"Kuongea najua, baba. Kufundisha bado."

Nani ana haki hapa? Binti ana haki. Hebu tujaribu sisi wenyewe. Soma sentensi hizi kwa sauti:

Kiti kimevunjika.
Kisu kimepotea.
Kikombe kimejaa.

Umeona? Neno linaanza na KI, na kitendo nacho kinaanza na KI. Sasa soma hizi:

Kijana amefika.
Kiongozi amesema.
Kifaranga amekufa.

Haya, KI ya kitendo imekwenda wapi? Kwa nini hatusemi "kijana kimefika"? Sisi hatukosei, hata mtoto mdogo hakosei. Lakini mgeni atauliza, "Mwalimu, kwa nini?" Mwalimu akijibu, "Ndivyo tunavyosema," hajafundisha kitu. Jibu lake ni hili: jina la mtu au mnyama, hata likianza na KI, kitendo chake huanza na A. Wakiwa wengi, huanza na WA: vijana wamefika, vifaranga wamekufa. Mgeni akishaielewa kanuni hiyo, ataweza kuitumia hata kwa maneno ambayo hajapata kuyasikia.

Mfano mwingine ni saa. Sisi jua likichomoza tunaanza kuhesabu: saa moja asubuhi, saa mbili asubuhi. Wao wanaanza kuhesabu usiku wa manane. Saa moja yetu ya asubuhi kwao ni saa saba. Tofauti ni saa sita. Sasa mwambie mgeni, "Basi linaondoka saa mbili asubuhi." Asipofundishwa, atafika kituoni saa nane ya usiku, asikute hata mbwa!

Tena kuna sauti. Jaribu kumfundisha Mwingereza kusema "ng'ombe." Sauti hiyo anayo mwishoni mwa maneno yake, ila hajazoea kuanza neno nayo. Mwalimu anayejua hivyo huanza na kile mgeni anachokiweza, halafu humvusha polepole hadi asichokiweza.

Ninyi wasomaji wetu mnalijua jambo hili kuliko watu wengine. Mlipoanza kisomo, kusema mlikuwa mnajua, na mambo ya dunia mlikuwa mnayajua. Mlihitaji mtu wa kuwaonyesha herufi kwa mpango mzuri na bila kuwadharau. Watu waliojua kusoma walikuwa wengi kijijini. Waliojua kumsomesha mtu mzima walikuwa wachache. Kijana anayekwenda nje anakwenda kufundisha watu wazima wasiojua hata kusema "hujambo." Lazima aandaliwe.

MAANDALIZI YA KIJANA

Kwanza, aijue lugha yake kwa ndani. Asome sarufi. Azoee kutumia kamusi. Ajue Kiswahili sanifu, na ajue pia kwamba watu wa Mombasa, Unguja, Lubumbashi na Bujumbura wana namna zao za kusema, nazo siyo makosa ya kuchekwa.

Pili, apate mazoezi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho hufundisha wageni. Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, huandaa mafunzo kwa watu wanaotaka kufundisha wageni. Kijana aulize huko. Na kama kuna mgeni wilayani anayetaka kujifunza lugha yetu, amfundishe. Mwanafunzi mmoja anatosha kukuonyesha usichokijua.

Tatu, ajue lugha ya huko aendako. Kwa Marekani kuna mtihani wa Kiingereza unaoitwa TOEFL. Hupima mambo manne: kusoma, kusikiliza, kusema na kuandika. Mtihani huo hausomewi kwa wiki moja.

Nne, ajue habari za nyumbani. Wanafunzi wa huko hawaulizi sarufi tu. Watauliza tunalima nini, tunaoaje, tunazikaje, kwa nini mkwe haketi popote tu. Kijana asiyejua mila za kwao atajibu nini? Hapa mwalimu wake ni wewe, baba, na wewe, mama, na bibi yake.

KAZI YA MZAZI ANAYEJUA KUSOMA

Safari nyingi hukwama kwa sababu ya karatasi. Kijana atahitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, vyeti vya shule na pasipoti. Jina lake lazima liandikwe namna moja katika karatasi zote. Asha na Aisha, kwetu twaweza kuona ni jina moja. Kwa karani wa viza ni watu wawili. Hali kadhalika tarehe ya kuzaliwa.

Kwa hiyo toa vyeti vya mtoto wako sandukuni leo hii. Usingoje afike chuo. Viweke pamoja mezani. Soma jina la kwanza, la pili na la tatu, herufi kwa herufi. Soma tarehe. Ukiona tofauti, nenda ofisi ya usajili wilayani ukaulize jinsi ya kurekebisha. Kurekebisha huchukua muda, na huhitaji kiapo cha kisheria. Kazi hii mzazi asiyejua kusoma hawezi kuifanya peke yake. Wewe unaweza.

JIHADHARINI NA MATAPELI

Tumesikia wazazi waliouza mifugo, hata shamba, ili kulipa "fedha ya kufungulia nafasi." Nafasi yenyewe haikuwapo. Katika mpango wa Fulbright, kuomba hakulipiwi. Atakayechaguliwa hulipiwa nauli ya kwenda na kurudi, na hupewa posho ya kuishi. Basi mtu anayekudai fedha ili jina la mwanao lipitishwe ni mwizi, hata kama amevaa tai.

Malipo halali yapo. Ada ya pasipoti, kwa mfano, hulipwa Serikalini kwa namba maalumu ya malipo, nawe hupata stakabadhi. Hailipwi mkononi mwa mtu chini ya mwembe.

Shikeni haya matatu. Usimwachie wakala vyeti halisi vya mtoto. Usitie saini karatasi usiyoisoma. Na kama imeandikwa Kiingereza, tafuta mwalimu wa shule akusomee yote.

MLANGO UNAWEZA KUFUNGWA

Ni lazima tuseme na jambo hili. Nchi ya watu ina mwenyewe, na mwenye nyumba hubadili masharti. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais wa Marekani alitia saini tangazo lililoiweka Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanawekewa vizuizi vya viza. Viza za wanafunzi, na za mipango ya kubadilishana walimu kama huu, zilitajwa humo. Vizuizi vilianza tarehe 1 Januari 2026. Masharti kama hayo huweza kubadilika tena. Kwa hiyo kijana aulize ubalozini au chuoni mwaka ule ule anaotaka kuomba. Asitegemee habari za aliyekwenda miaka mitano iliyopita.

Je, maandalizi yake yamepotea? Hapana. Aliyejua kufundisha Kiswahili kwa wageni anaweza kufundisha watafiti, madaktari na watalii wanaokuja hapa hapa nchini. Anaweza kuomba kazi nchi nyingine. Anaweza hata kufundisha kwa simu, mwanafunzi yuko ng'ambo naye yuko Songea. Ila aliyejiandaa kupanda ndege tu, bila kujiandaa kufundisha, viza ikikosekana hana kitu.

MAISHA YA HUKO

Kwa wale watakaofika, wazazi wawaandae kwa baridi na upweke. Chukua mji wa Madison katika jimbo la Wisconsin, ambako Kiswahili hufundishwa chuo kikuu. Mwezi Januari maji ya ziwa huganda hata watu hutembea juu yake. Wakati huo saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa 9. Ukimpigia mwanao saa mbili usiku, kwake ni saa tano asubuhi, pengine yuko darasani. Ukimpigia saa tano asubuhi yako, kwake ni saa nane ya usiku na amelala. Asipopokea usiseme ametusahau.

Huko wanafunzi wengine humwita mwalimu kwa jina lake tu. Humbishia na kumwuliza maswali mengi. Kijana asidhani anadharauliwa. Ndiyo desturi yao ya kujifunza. Naye awafundishe "shikamoo," na awaeleze ni nani anayeamkiwa hivyo na kwa nini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kusema lugha ni jambo moja, kuifundisha ni jambo jingine.
2. Majina na tarehe katika vyeti vyote ziwe sawa.
3. Nafasi ya kweli hainunuliwi.
4. Masharti ya viza yaulizwe mwaka ule ule.
5. Elimu ya kufundisha haipotei hata safari ikikwama.

MASWALI

1. Kwa nini tunasema "kiti kimefika" lakini "kijana amefika"? Mweleze jirani yako kwa maneno yako.
2. Andika maneno mengine matatu yanayoanza na KI ambayo ni majina ya watu au wanyama.
3. Saa nne asubuhi yetu ni saa ngapi kwa hesabu ya Waingereza?
4. Linganisha vyeti vya mtoto wako mmoja. Je, jina limeandikwa namna moja? Kama sivyo, andika tofauti ulizoziona, uzipeleke ofisi ya usajili wilayani.