Umeambiwa Ni Saratani ya Titi: Vidokezo vya Kukufikisha Dozi ya Mwisho

Daktari akishatamka neno saratani, mengi anayoyasema baada ya hapo hayaingii. Unatikisa kichwa, unachukua kadi yako, unapanda daladala, na ukifika nyumbani hukumbuki hata kituo ulichoshukia. Kama ndiyo hali yako leo, pole sana, dada yangu. Na kama anayesoma ni mwanaume, pole nawe, maana wanaume wachache nao hupata saratani ya titi na mara nyingi huchelewa kwa kudhani haiwahusu.

Nimesindikiza ndugu na marafiki kliniki, na kinachoniuma kuliko vyote ni mtu aliyeanza tiba vizuri kisha akaiacha njiani: kwa sababu ya kutapika, nauli, aibu au maneno ya shemeji. Mengi ya hayo yana dawa yake. Vidokezo hivi nimeviandika kwa nia moja tu, ufike dozi ya mwisho.

1. Lia, lakini uwe na tarehe mkononi

Siku chache za kulia, kujifungia au kutotaka kuongea na mtu haziharibu tiba. Uvimbe huo haukuanza juzi. Hatari ni pale siku zinapogeuka miezi. Kwa hiyo kabla hujajifungia, hakikisha kadi yako imeandikwa tarehe ya kurudi.

Na kama unaikwepa biopsi kwa kusikia kwamba kinyama kikichukuliwa ugonjwa unasambaa, hofu hiyo iweke chini. Kipimo hicho ndicho kinachomwezesha daktari kuchagua dawa. Bila majibu yake anabahatisha.

2. Nenda na mtu, nenda na daftari

Chagua msindikizaji mtulivu, anayejua kusikiliza na kuandika. Andikeni maswali nyumbani: Imefika hatua ya ngapi? Ina vipokezi vya homoni? Ina protini ya HER2? Tunaanza na upasuaji au na dawa? Ni lazima titi lote liondolewe, au uvimbe pekee unatosha?

Majibu hayo ndiyo yanayoamua njia yako. Saratani yenye vipokezi vya homoni ina vidonge vyake vya kumeza miaka kadhaa, na ile ya HER2 ina dawa yake inayoilenga. Usishtuke basi mwenzako wa kwenye benchi akipewa dawa usiyopewa wewe, wala usiombe ya kwake. Kila karatasi ya majibu ipige picha kwa simu, na nakala uiweke nyumbani.

3. Wewe ndiye unayeamua nani ajue

Mwaka 2012 Beth Mugo, akiwa waziri wa afya ya umma wa Kenya, alitangaza hadharani kwamba ana saratani ya matiti. Ulikuwa ujasiri mkubwa, na uliwafungua wengi midomo. Lakini wewe hudaiwi tangazo. Watu wawili watatu wanaokupenda wanatosha kuanzia, kisha mteue mmoja wao awe msemaji, ajibu simu za ukoo ili usisimulie habari ile ile mara ishirini.

Watoto waambie. Wanajua kuna jambo, na wakinyimwa ukweli hujitungia wao wenyewe. Maneno mepesi yanatosha: mama anaumwa titi, anatibiwa hospitali, dawa zitamchosha na nywele zitatoka, ugonjwa hauambukizi, na si kosa la mtu yeyote. Kisha wakumbatie.

4. Kuhusu dawa za miti, mtobolee daktari siri

Utaletewa chupa, unga na mizizi, na mara nyingi aliyeleta anakupenda kweli. Usigombane naye. Ila ujue kwamba baadhi ya mitishamba huingiliana na dawa za hospitali, na mingine huelemea ini na figo ambazo tayari ziko kazini. Kama umeshatumia, mwambie daktari jina la kitu hicho bila kuficha. Akikufokea, vumilia, habari hiyo anaihitaji.

Lililo baya zaidi ni kuacha matibabu ili kupisha tiba nyingine. Anayekuambia dawa yake haifanyi kazi mpaka uache za hospitali, mkimbie. Na kiongozi wa dini anayekutaka uchague kati ya sala na dripu, mwambie kwa adabu kwamba wewe umechagua vyote viwili. Mwezi wa Ramadhani pia zungumza na daktari wako na shehe wako mapema. Mgonjwa ana ruhusa ya kula.

5. Wiki za dripu zina mpangilio wake, ujue

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dozi nyingi za tibakemikali hupangwa kila baada ya siku 21, ingawa zipo za kila wiki. Kichefuchefu hushika zaidi siku za mwanzo. Dawa za kukizuia zimeze kama ulivyoandikiwa, kabla tumbo halijachafuka. Ukingoja utapike kwanza, umechelewa. Zikishindwa, rudi useme, kwani zipo nyingine. Wengi hudhani kutapika ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Siyo.

Kula kidogo kidogo: uji mwepesi, ndizi za kuchemsha, viazi, mkate mkavu, supu isiyo na mafuta mengi. Chai ya tangawizi huwatuliza baadhi ya watu. Kama harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inakupindua tumbo, kabidhi jiko kwa mtu mwingine siku hizo na ukae barazani. Maji kunywa mara kwa mara. Ukipewa ile dawa nyekundu, mkojo unaweza kuwa mwekundu siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa.

Mdomo ukianza kuwasha, sukutua kwa maji vuguvugu yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku, tumia mswaki laini, na achari, pilipili na ndimu zipumzike.

Sasa jambo la kubandika ukutani. Wiki moja hadi mbili baada ya dozi, chembe nyeupe za damu hushuka sana na mwili unakuwa hauna mlinzi. Nunua kipimajoto cha duka la dawa. Joto likifika nyuzi 38, au ukishikwa na baridi ya kutetemeka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Usimeze panado ukasubiri kukuche. Ukifika mapokezi, neno la kwanza liwe: "Niko kwenye tibakemikali." Usikubali homa hiyo iitwe malaria tu bila kupimwa damu.

Kwa sababu hiyo hiyo, maziwa yachemshwe, mayai yaive, matunda yaoshwe kwa maji safi na kumenywa, na kachumbari ya mtaani isubiri. Mgeni mwenye kikohozi apige simu badala ya kuja.

6. Nywele

Kwa dawa nyingi, huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, kwa mafungu, tena kwenye mto. Wengine hupenda kuzinyoa mapema ili wawe wameamua wenyewe. Kilemba cha kitenge, mtandio, wigi au kichwa wazi, vyote ni vyako. Nyusi na kope nazo huweza kwenda, jambo ambalo watu husahau kukuonya. Tiba ikiisha nywele huota tena, wakati mwingine laini kuliko zamani.

7. Kifua na mkono baada ya upasuaji

Kujitazama kwenye kioo kunaweza kusubiri. Wapo wanaotazama siku ya kwanza na wapo wanaochukua wiki. Ukiwa tayari, mwombe muuguzi au mtu unayemwamini awe pembeni.

Mkono wa upande uliokatwa ndio usiousahau. Tezi za kwapani zikiondolewa, majimaji yanaweza kukwama na mkono kuvimba, hata miaka baadaye. Daktari akikuruhusu, anza mazoezi mepesi: tembeza vidole ukutani kupanda juu, chana nywele, funga kanga kwa mgongoni. Ndoo ya maji ya lita 20 si yako kwa sasa. Unapolima au kuosha sufuria, vaa glavu, na kidonda chochote kidogo kisafishe mara moja. Ukiona pete au bangili inabana, au ngozi imekuwa nyekundu na moto, rudi kliniki mapema.

Titi bandia la kuweka ndani ya sidiria si lazima liwe la bei. Wiki za mwanzo la kitambaa laini lenye pamba linatosha, na fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona mfuko wake ndani ya sidiria. Na ukiamua kutovaa chochote, kifua ni chako.

8. Mionzi

Ni safari ya Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, mashine yenyewe ikichukua dakika chache tu. Alama walizokuchora usizifute. Ngozi ya hapo isipakwe manukato wala dawa ya kwapa bila kuuliza, na nguo iwe ya pamba, isiyobana. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, hivyo mjukuu unaweza kumpakata jioni hiyo hiyo.

Kwa anayetoka mbali, hizi ndizo wiki ngumu za malazi. Ukipelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, uliza kabla ya kusafiri mionzi itachukua wiki ngapi, ili ndugu atakayekupokea ajue.

9. Chumbani

Tusilipite kimya hili. Dawa zinaweza kusimamisha hedhi, kuleta joto la ghafla, kukausha uke na kuondoa hamu. Mume asipoambiwa atadhani hapendwi. Nawe, ukimwona amejitenga, utadhani unakinaisha. Zungumzeni. Vilainishi vya maji vipo duka la dawa. Mimba wakati wa tibakemikali ni hatari, na njia za homoni hazikufai, kwa hiyo ulizia kondomu au kitanzi cha shaba. Kama bado unatamani kuzaa, mweleze daktari kabla ya dripu ya kwanza.

10. Fedha zizungumzwe mapema

Uliza bima yako inalipia nini hasa, kipimo kwa kipimo. Hospitali kubwa zina maofisa wa ustawi wa jamii. Watafute kabla deni halijakua, maana misamaha ina utaratibu wake. Kwenye kikoba au chama chenu, omba msaada wenye jina: nauli ya dozi tatu, au mtu wa kukaa na watoto kila Jumatano. Watu hutoa haraka wakijua wanatoa kwa ajili ya nini.

11. Moyo nao una kliniki yake

Kuna asubuhi utaamka na hasira, na nyingine hutataka kuamka kabisa. Ndugu, tafadhali, msimwambie ajikaze. Kaeni naye, mfulieni, mumpeleke kutembea dakika kumi jioni. Kutembea hupunguza hata ule uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingizi ukitoweka au mawazo ya kujidhuru yakija, sema hospitali siku hiyo. Ni sehemu ya ugonjwa na inatibika. Watafute pia waliopita njia hii. Nairobi wapo Faraja, wanaotoa ushauri na vikundi vya wagonjwa. Kwingine, muulize muuguzi wa kliniki akukutanishe na mama aliyemaliza. Dakika tano na mtu aliyevaa sidiria yenye titi bandia kama lako hutuliza kuliko hotuba yangu hii.

12. Vidonge vya baada ya yote

Dripu zimeisha, nywele zimeota, na watu wameacha kukuuliza hali. Hapo ndipo wengi wenye saratani yenye vipokezi vya homoni huacha tamoksifeni, kwa kuona wamepona. Kwa kawaida humezwa kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10, kwa sababu huzuia ugonjwa kurudi. Iweke karibu na mswaki, weka kengele ya simu, na nenda kuchukua nyingine kabla pakiti haijaisha. Joto la ghafla likikutesa usiku, mwambie daktari abadilishe mpango. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata, au ukitokwa damu ukeni nje ya hedhi, usisubiri tarehe ya kadi.