DAWA YA SHOKI INAYOVUJA

Wengi wetu tunaosoma shule ya kutwa huletwa na bodaboda asubuhi. Je, umewahi kuangalia shoki za mbele za pikipiki unayopanda? Ukiona moja imelowa oili na vumbi limegandia hapo, usinyamaze. Oili hiyo huweza kutiririka hadi kwenye breki, na breki iliyolowa oili haishiki. Abiria ndiye wewe! Kazi hii nimeifunzwa na mjomba wangu ambaye ni fundi, nami napenda kuwapasha.

Kwanza tuelewe shoki inavyofanya kazi. Kila moja ina bomba jembamba linalong'aa, ambalo huteleza ndani ya bomba pana la chini. Ndani mna springi na oili. Springi hubeba uzito, nayo oili huizuia isirukeruke kama mpira. Mdomoni mwa bomba la chini mna sili ya mpira inayozuia oili isitoke, na juu yake kifuniko cha vumbi.

Sili huvuja kwa sababu tatu hasa: mchanga umeingia chini yake, mpira umechakaa, au bomba jembamba lina kutu na mikwaruzo. Wengine hufunga kitambaa hapo. Ati kitambaa kitaziba! Hakizibi, hukusanya mchanga tu.

Hebu tuanze na dawa rahisi. Sukuma kifuniko cha vumbi juu. Kata kipande chembamba cha plastiki kutoka kwa chupa ya soda, ukitie ndoano ndogo pembeni. Kiingize kati ya bomba na sili, ukizungushe polepole kitoe mchanga. Pangusa, kisha shika breki ya mbele na ubonyeze shoki mara kumi hivi. Bomba likibaki kavu, basi, umeokoa pesa.

Likilowa tena, badilisha sili za pande zote mbili, hivi:

1. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, weka kigogo chini ya injini, kisha utoe gurudumu na madigadi.

2. Legeza bolti iliyo chini ya shoki kabla ya kutoa springi, kwani springi huzuia kifaa cha ndani kisizunguke. Legeza pia kifuniko cha juu shoki ikiwa bado imebanwa, ndipo uichomoe.

3. Malizia kufungua kifuniko cha juu, uso wako ukiwa kando, maana springi hukisukuma. Toa springi na umwage oili.

4. Toa bolti ya chini na uchomoe bomba jembamba. Ondoa pete ya waya, kisha ubenue sili kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa.

5. Pitisha ukucha juu ya bomba jembamba. Ukikwama, kuna kovu. Kovu dogo husuguliwa kwa msasa laini sana uliotiwa oili. Kovu kubwa mahali sili inapopita hudai bomba jipya.

6. Paka sili mpya oili, uigonge ikae sawa kwa kipande cha paipu chenye upana kama wake. Rudisha pete, bomba na bolti.

7. Tia oili ya shoki, si ya injini, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo. Pande zote zilingane. Pandisha na kushusha bomba ili hewa itoke, kisha urudishe springi na kifuniko.

Hatua ya tano ndiyo huleta ugomvi. Fundi mwenye haraka huiruka, na baada ya wiki oili inavuja tena. Mwenye pikipiki hulalamika ati sili ni bandia, kumbe bomba lenye kutu ndilo limeikata. Hasara mara mbili!

Mwisho, pedi za breki zilizolowa oili zibadilishwe, na breki zijaribiwe kabla ya kubeba mtu yeyote.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, kesho asubuhi kabla ya kupanda, inama utazame. Ukiona oili mwambie dereva kwa adabu, "Kaka, shoki yako inavuja." Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sili ni rahisi kuliko mguu uliovunjika.