Kinoa na Chakula Bora cha Nyumbani

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepata kulisikia jina la kinoa, lakini walioila ni wachache. Wako wanaoisifu kana kwamba ni dawa, na wako wanaoicheka wakisema ni chakula cha matajiri. Nataka kueleza kwa maneno machache kinoa ni nini, huoshwa na kupikwa namna gani, na yafaa nini katika sufuria ya mzazi mwenye watoto wa kulisha.

Kinoa ni nini

Kinoa ni mbegu ndogo za mviringo, zilizobapa kidogo, zenye upana wa milimita 2 hivi. Ziko nyeupe, nyekundu na nyeusi. Twaiita nafaka kwa sababu hupikwa kama nafaka, lakini kwa asili yake haimo katika jamii moja na mahindi, mpunga, ngano na mtama. Kinoa ni jamaa ya mchicha na spinachi, na majani yake machanga huliwa kama mboga. Mtu aliyepata kuuacha mchicha bustanini mpaka ukatoa masuke yaliyojaa mbegu, ameona kitu kinachofanana na kinoa shambani.

Kwao ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, hasa Peru na Bolivia, kandokando ya ziwa Titicaca. Ziwa hilo liko mita 3,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ili tufahamu kimo hicho, tukumbuke kwamba kituo cha Horombo, wanapolala wapandaji wa mlima Kilimanjaro, kiko mita 3,700 hivi. Huko kuna baridi kali na jalidi, lakini kinoa huvumilia. Watu wa huko wameilima kwa maelfu ya miaka. Wahispania walipoingia Peru mwaka 1532 walileta ngano na shayiri, na kinoa ikabaki kuwa chakula cha wanavijiji. Siku hizi mambo yamegeuka. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa. Watu wa nchi tajiri waliitaka, bei ikapanda sana, kisha ikashuka baada ya nchi nyingine nazo kuilima.

Sababu ya sifa zake

Gramu 100 za kinoa kavu zina protini gramu 14 hivi, hali mchele mweupe una gramu 7 hivi tu. Tena kinoa ina nyuzinyuzi gramu 7 hivi, pamoja na madini ya chuma na magnesi.

Lakini wingi wa protini si jambo la pekee la kutazama. Protini hujengwa kwa asidi amino, na katika hizo ziko 9 ambazo mwili wa mtu hauwezi kuzitengeneza; sharti zitoke katika chakula. Mahindi yana upungufu wa moja iitwayo laisini. Kinoa inayo laisini ya kutosha, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kusifiwa kwake.

Sababu ya pili imo katika umbo la mbegu yenyewe. Katika Biolojia tumejifunza kwamba kiinitete ndicho kinachoota na kuwa mche, kwa hiyo kimewekewa protini na mafuta mengi. Kiinitete cha kinoa ni kikubwa, nacho kimeizunguka mbegu kama pete. Mlaji wa kinoa hula mbegu nzima pamoja na kiinitete chake. Mahindi yakikobolewa kufanya sembe, kiinitete na pumba huondolewa, na sehemu njema ya chakula huishia kwa kuku na ng'ombe.

Namna ya kuiosha

Hapa ndipo watu wengi huichukia kinoa kabla ya kuijua. Juu ya kila mbegu kuna kitu kichungu kiitwacho saponini, ambacho huwazuia ndege wasiile shambani. Saponini hutoa povu kama la sabuni. Asiyeiosha atakula chakula kichungu, na atasema kinoa ni mbaya.

Mimina kinoa katika bakuli, tia maji baridi, ufikiche kwa mikono miwili kama dakika moja. Mwaga maji kwa kuyapitisha katika chujio la matundu madogo sana au kitambaa safi, maana mbegu hizi hupenya katika chujio la kawaida. Rudia mara tatu au nne mpaka povu liishe. Hata pakiti ikiwa imeandikwa kwamba kinoa imekwisha kuoshwa, kuiosha tena hakudhuru.

Namna ya kuipika

Kwa kikombe kimoja cha kinoa tia vikombe viwili vya maji na chumvi kidogo. Yakichemka, punguza moto, funika, uache kwa dakika 15. Kisha epua, usifunue, uiache itulie kwa dakika 5 hadi 10, ndipo uichambue kwa uma. Utajua kwamba imeiva ukiona kila mbegu imekuwa kama kioo, na mkia mdogo mweupe umejitokeza ubavuni. Mkia huo ndicho kile kiinitete. Kikombe kimoja kikavu hutoa vikombe vitatu hivi vilivyoiva.

Wanafunzi wa Fizikia watapenda kujua kwamba kando ya ziwa Titicaca maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 90, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Maharage makavu yakipikwa huko katika sufuria ya kawaida huchukua muda mrefu mno. Mbegu ndogo kama kinoa huiva upesi, na kuni hazipotei bure.

Milo mitatu ya nyumbani

Mlo wa kwanza ni supu, ambayo ni ya kawaida katika nyumba za Bolivia na Peru. Kwa watu sita, kaanga kitunguu kimoja katika mafuta kidogo, tia maji lita 2, viazi mviringo vinne vilivyokatwa, karoti mbili, kikombe kimoja cha njegere mbichi, na nyama kidogo iliyokwisha kuchemshwa, kama ipo. Ongeza nusu kikombe cha kinoa iliyooshwa, upike dakika 20. Tazama vema kipimo hicho: nusu kikombe tu kwa watu sita. Wenye kinoa yao hawaipiki sikuzote kama sisi tupikavyo wali wa kujaza sahani. Huitumia kuutia nguvu mchuzi wa viazi.

Mlo wa pili ni kinoa na wali. Changanya kikombe kimoja cha kinoa iliyooshwa na kikombe kimoja cha mchele, upike pamoja kwa maji vikombe vinne. Kula kwa maharage ya nazi na mchicha. Kwa njia hii kinoa kidogo huwatosha watu wengi, na watoto hawaikatai kwa sababu wanauona wali waliouzoea.

Mlo wa tatu ni wa asubuhi. Huko Peru huuzwa njiani kinywaji cha moto cha kinoa iliyochemshwa sana pamoja na tufaha, mdalasini na karafuu. Sisi twaweza kufanya uji wa namna hiyo na kuongeza maziwa. Sukari iwe kidogo, kwa maana tunda lina utamu wake.

Kinoa si dawa

Likizo iliyopita mama alinionyesha pakiti ndogo ya kinoa aliyoinunua kwa bei iliyoweza kununua mchele wa siku nyingi. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba mgonjwa wa kisukari akiila ataacha vidonge. Baba yangu ana kisukari. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasoma mambo ya lishe. Je, ni kweli?"

Nilisoma maandishi yaliyokuwa nyuma ya pakiti. Katika kila gramu 100 mlikuwa na wanga gramu 64. Nikamjibu, "Mama, hiki ni chakula kizuri, lakini wanga wake ni mwingi. Baba asiache vidonge." Ni kweli kwamba kinoa haipandishi sukari ya damu upesi kama wali mweupe, kwa sababu ya nyuzinyuzi na protini yake. Lakini jambo hilo ni mbali sana na kuponya. Baba alipokwenda kliniki alimwuliza muuguzi, naye akamwambia vivyo hivyo: aendelee na dawa, na apime kiasi cha chakula cha wanga anachokula, kiwe kinoa, ugali au wali.

Kinoa yenyewe hatukuitupa. Tuliipika jioni ile kwa maharage, baba akatiliwa kiasi kidogo na mchicha mwingi. Mdogo wangu aliitazama ile mikia myeupe akauliza kama ni wadudu. Alipoonja aliomba aongezwe. Nimeyaeleza haya kwa kuwa mgonjwa aachaye dawa kwa ajili ya maneno ya muuzaji aweza kupoteza macho, figo au maisha yake.

Asiye na kinoa afanyeje?

Mzazi asiyeweza kununua kinoa asione kwamba amewanyima watoto wake kitu kisicho na badala. Tuziangalie tena zile sababu mbili. Ya kwanza ni laisini. Maharage, kunde na choroko zinayo nyingi, na pungufu lao katika asidi amino nyingine hujazwa na mahindi. Kwa hiyo ugali na maharage vikiliwa siku moja hukamilishana. Ya pili ni kuila mbegu nzima. Unga wa dona una kiinitete na pumba zake, nao wapatikana katika mashine za vijijini mwetu. Tukiongeza mchicha, jamaa wa kinoa, pamoja na tunda, tumekwisha kufanya mlo bora. Uji wa ulezi nao una madini ya chokaa kwa wingi. Nafaka za jamii ya ulezi na uwele nazo zilipewa Mwaka wao wa Kimataifa, yaani 2023.

Hapa bwenini twanung'unika kila jioni tuonapo ugali na maharage. Sisemi tusinung'unike maharage yakiwa na mawe. Lakini tusikidharau chakula chenyewe, kwa maana yale ambayo wengine huyanunua kwa bei kubwa katika pakiti, mengi yake yamo katika sahani zetu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kinoa huoshwa kabla ya kupikwa, nawe utajuaje kwamba imetakata?
2. Eleza kwa nini ugali wa dona na maharage ni bora kuliko ugali wa sembe peke yake.
3. Jirani yako amwambia mgonjwa wa kisukari aache vidonge na kula kinoa. Utamjibu nini, na kwa sababu gani?

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne