Chombo Kimoja, Vyuo Vingi

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliosoma hapa kabla yetu, katika somo hili nataka tuchunguze swali moja tu. Serikali inapotoa fedha kununua chombo cha utafiti cha bei kubwa, chombo hicho kiwe cha nani, na nani akitunze? Swali hili laonekana kuwa la wakubwa. Lakini wengi wetu wa kidato cha sita twatumaini kuingia chuo kikuu, na huko tutakuta ama chombo kinachofanya kazi, ama chombo kilichofunikwa kitambaa.

Hapa Mbarara tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kilikuwa cha pili miongoni mwa vyuo vikuu vya serikali nchini Uganda, baada ya Makerere. Tangu hapo serikali imefungua vingine, kama vile Gulu, Kyambogo, Busitema na Kabale. Kila kimoja chataka maabara, na ndivyo inavyopasa, maana daktari au mkemia hafundishwi kwa chaki peke yake.

Tuelewane kwanza juu ya vyombo vyenyewe. Sisemi juu ya mizani na hadubini za darasani, ambazo kila shule yapaswa kuwa nazo. Nasema juu ya mashine zinazosoma chembe za urithi za virusi, hadubini za elektroni zinazoonyesha kitu kidogo kuliko bakteria, na majokofu yanayohifadhi damu katika baridi ya digrii 80 chini ya sifuri. Vyombo hivyo ni ghali kuvinunua na ghali kuviweka. Vyataka umeme usiokatika, dawa zinazoagizwa ng'ambo, na fundi aliyesomea kazi hiyo.

Mashine ya posho

Kwetu ni Nakivale, katika wilaya ya Isingiro. Makazi hayo ya wakimbizi yalifunguliwa mwaka 1958, na leo wamo watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili. Huko hata mtu asiyejua kusoma aweza kutufundisha somo hili, kwa sababu anajua mashine ya kusaga posho.

Hakuna nyumba inayonunua mashine yake ya kusagia. Mama hujitwika mahindi, akangoja zamu, akalipa kadiri ya alichokileta, akarudi na unga. Kutokana na malipo hayo madogo mwenye mashine hununua dizeli, hubadilisha mkanda uliochakaa, na kumlipa kijana anayeisimamia. Kama kila nyumba ingenunua mashine yake, kila moja ingefanya kazi saa moja kwa juma na kushika kutu siku zote zilizobaki.

Tuangalie ni mambo gani yanayoiwezesha mashine ile kuwasagia watu wengi. La kwanza, kila mtu anajua iko wapi na inafunguliwa saa ngapi. La pili, yuko mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo. La tatu, kila anayeitumia anachangia uhai wake. Ukiondoa hata jambo moja, mashine itasimama. Mambo haya matatu ndiyo nitakayoyatumia kupimia habari zote zinazofuata.

Nchi tatu na fungu moja

Wako wanaodhani kwamba kushirikiana vyombo vya utafiti ni wazo la jana. Sivyo. Tangu mwaka 1948 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na huduma za pamoja, na utafiti ulikuwa mmojawapo. Uchunguzi wa virusi ulifanyika Entebbe, wa samaki wa maziwa Jinja, wa malale Tororo, wa kilimo na wa maradhi ya mifugo Muguga karibu na Nairobi, na wa dawa za kuua wadudu Arusha. Hakuna nchi iliyojenga vyote, na kila moja ilitumia vya mwenzake.

Fedha zilitoka wapi? Uingereza ilisaidia, lakini tangu mwaka 1961 lilikuwapo fungu maalumu. Asilimia 40 ya kodi ya mapato iliyotozwa makampuni ya viwanda na ya fedha, pamoja na asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa, iliingia katika fungu hilo. Nusu yake iligharimia huduma za pamoja ambazo hazikuweza kujilipia zenyewe, na utafiti ulikuwa miongoni mwake. Nusu nyingine iligawanywa sawasawa kwa nchi zote tatu. Hapo twaona jambo la tatu la mashine ya posho: mchango uliokuja kila mwaka kwa kanuni inayojulikana, bila kungoja huruma ya mtu.

Matunda yake yalikuwapo. Entebbe, katika taasisi iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, ndipo walipofanya kazi wataalamu waliogundua virusi vya Zika mwaka 1947 katika msitu wenye jina hilo. Miaka karibu 70 baadaye, ugonjwa huo ulipozuka Brazil, ulimwengu wote ulirudi kusoma kazi ile ya Uganda.

Vyuo navyo viligawana kazi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanza mwaka 1963, kilikuwa na matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Udaktari ulisomwa Makerere, uhandisi Nairobi, na sheria Dar es Salaam. Lakini kila nchi ilitamani kuwa na shule zake. Nairobi ilifungua shule yake ya udaktari mwaka 1967, na mwaka 1970 chuo kile cha pamoja kilivunjwa vikawa vyuo vikuu vitatu. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya, maana nchi zilihitaji madaktari wengi kuliko chuo kimoja kiwezavyo kutoa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika. Kila nchi ikabaki na kilichokuwa juu ya ardhi yake. Uganda ikabaki na virusi na samaki, Kenya na Muguga, Tanzania na Arusha. Mchunguzi wa Uganda aliyekuwa akitegemea maabara ya Muguga alijikuta ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo urafiki peke yake hautoshi. Ushirika wa vyombo wapaswa kuandikwa, na maandiko yaseme nani atapata nini siku washirika watakapoachana.

Kushirikiana si kuwa na kimoja tu

Hapa nataka tuwe waangalifu. Mtu aweza kusema, "Basi tununue mashine moja kwa nchi nzima, tutakuwa tumeokoa fedha." Uganda iliwahi kuonja hali hiyo kwa upande wa matibabu. Hospitali ya Mulago ilikuwa na mashine moja ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotumika tangu mwaka 1995, na nchini hapakuwa na nyingine. Mwaka 2016 iliharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, na wengine wengi hawakuwa na njia ya kwenda. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018.

Chombo kile hakikuwa cha utafiti, lakini fundisho lake ni lile lile. Kimoja kikitumikia wote, basi siku kinapokufa wote hukosa. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fedha za matengenezo zatakiwa zitengwe siku ile ile ya kununua, na fedha za kununua kingine zianze kuwekwa mapema, maana kila mashine ina umri wake. Kushirikiana ni kuwa na vichache vinavyotunzwa na vinavyoweza kusaidiana, kimoja kikiwa kwa fundi kingine kikiendelea na kazi.

Mtu mwingine atauliza juu ya umbali. Je, mwanafunzi wa Mbarara asafiri mpaka Kampala kila apatapo tone la damu la kuchunguza? Jibu la swali hili tayari linapita barabarani. Kuanzia miaka ya 2010 na 2011, wizara ya afya ilipanga vituo vya kukusanyia sampuli katika wilaya. Vijana wenye pikipiki hupita katika zahanati, wakachukua damu iliyofungwa vizuri, wakaipeleka kituoni, na kutoka hapo ikasafirishwa hadi maabara kuu Kampala. Majibu hurudi kwa njia hiyo. Vipimo vya Ukimwi vya watoto wachanga vilivyokuwa vikifanywa katika maabara kadhaa viliwekwa katika moja, na gharama ya kusafirisha ikapungua kwa zaidi ya nusu. Basi mara nyingi si lazima mtu aende kwenye mashine. Sampuli yake yaweza kwenda.

Wengine wanavyofanya

Nairobi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kuna maabara ya sayansi ya viumbe iliyowekwa kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, na serikali ya Kanada ilisaidia kuijenga. Mtafiti kutoka Uganda au Burundi ameweza kwenda huko na sampuli zake, akafanya kazi kwa miezi kadhaa akisaidiwa na mafundi wa pale, kisha akarudi chuoni kwake na matokeo. Nje ya Afrika tuna mfano wa Geneva. Mwaka 1954 nchi 12 za Ulaya zilianzisha kituo kimoja cha kuchunguza atomu, kwa kuwa mashine zake zilishinda uwezo wa nchi moja. Hata leo kila mwanachama hulipa kwa kadiri ya pato lake, tajiri zaidi na maskini kidogo, na wote huingia kwa mlango mmoja.

Serikali yetu nayo haikukaa bure. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia liliundwa mwaka 1990. Mwaka 2006 Uganda ilipata mkopo wa dola milioni 30 kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya kuinua sayansi, na sehemu yake ilikwenda kwenye maabara na masomo ya vyuo vikuu. Katika mwaka wa fedha wa 2019/2020 serikali ilitenga shilingi bilioni 30 kwa utafiti na ubunifu wa Makerere. Fedha zikitolewa kwa chuo kimoja si kosa. Lakini ni haki kuuliza kama chombo kilichonunuliwa kwa kodi ya mkulima wa Isingiro chaweza kutumiwa na mwanafunzi wa Kabale au wa Gulu.

Nionavyo mimi

Kwanza, kiwepo kitabu kimoja kinachoorodhesha kila chombo kikubwa kilichonunuliwa kwa fedha za umma, mahali kilipo na saa kinapokuwa huru. Mali bila daftari huisha bila habari. Chuo kinachoomba kipya kionyeshe kwanza kwamba kimekitazama kitabu hicho. Pili, serikali imlipe fundi wa chombo mshahara wa kudumu. Mara nyingi mwenye chombo hukataa kukiazima kwa kuogopa kwamba kikivunjika hakuna wa kukitengeneza. Fundi akiwapo, hofu hiyo hupungua. Tatu, mgeni alipe ada ndogo inayojulikana, na ada hiyo ibaki kwenye chombo, isimezwe na hesabu kuu ya chuo. Nne, saa za wageni ziandikwe katika masharti ya fedha, maana bila hivyo mwenyeji atajihudumia yeye kwanza siku zote.

Ninyi mliomaliza shule hii, baadhi yenu mko katika ofisi za hesabu, za wilaya na za vyuo. Kalamu zenu hupita juu ya karatasi hizi. Mnapoona ombi la mashine lisilo na mstari wa fundi wala wa matengenezo, lirudisheni likaandikwe upya.

Nasi tulio shuleni tusingoje mpaka tuwe wakubwa. Shule za Kakoba ni jirani. Hii ina mizani nzuri, ile ina hadubini za kutosha, nyingine ina kemikali zitakazopitwa na wakati kabla hazijafunguliwa. Napendekeza kwamba vyama vya sayansi vya shule zetu viandike daftari moja la vyombo vyote kabla ya muhula kwisha, na kila shule ichague mwanafunzi mmoja wa kulitunza.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini fungu la mwaka 1961 lilikuwa imara kuliko msaada unaotolewa mara moja?

2. Taja vyombo 2 ambavyo kila shule yapaswa kuwa navyo, na 2 ambavyo shule nyingi zaweza kushirikiana. Toa sababu.

3. Chombo cha pamoja kikivunjika mikononi mwa mgeni, nani alipe?